Nikishaacha Pombe, Je, Bado Mimi ni Mgonjwa wa Akili?

SOMO LA WIKI, kutoka mahubiri ya Jumapili

Maandiko ya kusoma nyumbani kabla ya ushirika: 1 Samweli 1:9-18, Walawi 13:1-8 na 14:1-8, Luka 17:11-19.

Lengo la somo: Kumsaidia mtu aliyeacha pombe au dawa za kulevya aulize upya kuhusu ugonjwa aliotajiwa hospitalini, bila kuogopa na bila kujidhuru.



Miezi michache iliyopita, baada ya ibada ya pili, ndugu mmoja wa hapa hapa Tudor alinisubiri karibu na lango mpaka watu wakaisha. Ameniruhusu niandike habari yake, jina lake tu ndilo nimeliacha. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kwa miaka kumi alikunywa mnazi mangweni, kisha chang'aa, na kila siku shavu limejaa muguka. Usiku mmoja, akiwa hajalala siku nne, alianza kusikia watu wakimtukana juu ya bati. Alipanda juu na nyundo kuwatafuta. Kaka yake na majirani wakamshusha, wakampeleka hospitali. Akaulizwa maswali machache, akachomwa sindano, na siku alipotoka kadi yake ilikuwa imeandikwa neno moja: skizofrenia.

Akaniambia hivi: "Mchungaji, nina miezi kumi na moja sijagusa kitu. Silewi, sitafuni, nalala vizuri. Zile sauti sijazisikia tena. Sasa nataka kujua. Mimi kweli ni mgonjwa wa akili, ama nilikuwa mlevi tu?"

Halafu akainamisha kichwa, akaongeza: "Vidonge nimeviacha wiki mbili sasa. Naviweka kwenye kopo, mama watoto anadhani nameza. Jumapili ijayo naomba nafasi nitoe ushuhuda kwamba Bwana ameniponya."

Wapendwa, swali lake lilikuwa zuri. Lile kopo ndilo lililonitia hofu. Somo la leo ni kuhusu hayo mawili: tulishike swali, tuliache kopo.

1. KUULIZA SI DHAMBI WALA SI UKAIDI

Wako wanaofikiri kwamba daktari akishasema, basi mdomo ufungwe. Someni habari za Hana. Alikuwa hekaluni akiomba kwa uchungu, midomo inatikisika na sauti haitoki. Eli kuhani akamtazama na kuamua kwamba huyu mama amelewa. Eli hakuwa mtu mbaya. Aliona dalili za kweli, ila alizipa jina lisilo lake. Aliona midomo, hakuona moyo.

Angalieni Hana alivyofanya. Hakumtukana Eli, hakuondoka kwa hasira. Na pia hakunyamaza akaondoka na jina la mlevi. Alimjibu kwa heshima, akamweleza kwamba hajaonja kileo, kwamba ni huzuni iliyomjaa. Eli aliposikia habari yote, alibadilisha neno lake na kumwombea heri. Mtumishi wa Mungu alikosea, akaelezwa, akakubali.

Hata siku ya Pentekoste, siku tunayoipenda sana sisi, watu waliwatazama mitume wakasema wamelewa. Petro alisimama akaeleza taratibu (Matendo 2). Kwa hiyo kutazamwa vibaya kunaweza kumpata yeyote, na kueleza upya ni jambo la Kimaandiko.

Kwa Hana, huzuni ilidhaniwa ulevi. Kwa ndugu zetu wengi hutokea kinyume: madhara ya ulevi yanadhaniwa ugonjwa wa kudumu wa akili. Na mara nyingine ugonjwa wa kweli umejificha nyuma ya ulevi, na watu wanasema, "Huyo ni pombe tu." Makosa yote mawili yanaumiza.

2. KWA NINI POMBE HUCHANGANYA HATA DAKTARI

Pombe ikiingia kila siku kwa miaka, ubongo huizoea. Ikikosekana ghafla, mwili unalipuka: mikono inatetemeka, jasho, moyo unakimbia. Kifafa chaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kwa wengine, kuanzia siku ya pili au ya tatu, huja kuchanganyikiwa kukali, mtu anaona wadudu ukutani na kusikia sauti. Ukimkuta siku hiyo, utaapa amerukwa na akili. Tena mlevi wa muda mrefu mara nyingi hukosa vitamini B1 kwa sababu hali vizuri, na upungufu huo peke yake waweza kumchanganya akili.

Muguka nao una kathinoni, kemikali ya jamii moja na amfetamini. Inafukuza usingizi. Tunakumbuka Mei 2024 kaunti yetu ilipoipiga marufuku na jambo likafika mahakamani. Mambo ya korti tuwaachie wenyewe. Sisi tuseme tu kwamba mtu anayetafuna siku nzima, akakesha siku nne, anaweza kuanza kuona kila mtu ni adui. Bhangi pia yaweza kuleta sauti na hofu za namna hiyo.

Kwa hiyo daktari wa zamu anapoletewa mtu saa nane za usiku, ananuka chang'aa, anapiga kelele na amefungwa kamba, anaona picha ya usiku mmoja tu. Kumtuliza ni lazima, na jina anaandika kwa alichokiona. Ndiyo maana vitabu vya madaktari wenyewe vinashauri kwamba mtu akishaacha kileo, asubiriwe kama mwezi mmoja hivi ndipo isemwe kwa uhakika kama dalili zake zinasimama zenyewe au zilikuwa za kileo.

Kule San Diego, Marekani, watafiti waliwafuata wanaume 191 waliolazwa kwa ajili ya ulevi, wakatoa matokeo mwaka 1988. Walipoingia, asilimia 42 walikuwa na huzuni nzito ya kiwango cha ugonjwa. Baada ya wiki nne bila pombe, waliobaki nayo walikuwa asilimia 6. Hebu fikiria kama wote wangeandikwa siku ya kwanza na wasitazamwe tena!

Lakini ngoja kabla hujasema amina. Wale asilimia 6 walibaki. Na kule Denmark, watafiti walipitia kumbukumbu za miaka 20, kuanzia 1994 hadi 2014, za watu karibu 6,800 walioandikwa kwamba wazimu wao umetokana na kileo au dawa za kulevya. Matokeo yalitoka 2018. Karibu theluthi moja baadaye waligunduliwa kuwa na skizofrenia au baipola. Kwa walioanzia kwenye bhangi, walikuwa karibu nusu. Yaani daktari alisema "ni dawa za kulevya tu," na kumbe ugonjwa ulikuwa njiani unakuja.

Basi ndugu yetu akiniuliza, "Ni ugonjwa ama ni ulevi?" mimi mchungaji sina jibu mfukoni. Na yeye mwenyewe hana. Alikuwa ameacha chang'aa huku anameza vidonge karibu mwaka mzima. Zile sauti zilinyamazishwa na nini, kuacha kunywa ama vidonge? Kwa kujitazama tu huwezi kujua.

3. SIKU SABA, NA SIKU SABA TENA

Sasa fungua Walawi 13. Mtu mwenye alama kwenye ngozi aliletwa kwa kuhani. Kama alama haikuwa wazi, kuhani hakuharakisha kumwita najisi wala kumwita safi. Alimtenga siku saba, akamtazama. Kama bado, siku saba nyingine, akamtazama tena. Ndipo akasema. Mungu aliweka muda na kutazama tena ndani ya sheria yake kwa sababu jina lile lilikuwa zito. Aliyeitwa mwenye ukoma alikaa nje ya kambi. Nanyi mnajua mtu akishaitwa "wazimu" mtaani kwetu anavyotengwa: hakopeshwi, hapewi kazi, hata harusini hawekwi mbele.

Sura ya 14 yaeleza aliyepona. Kuhani mwenyewe alitoka kambini akamwendea kumtazama. Na hata akishaonekana safi, alirudi kambini lakini alikaa nje ya hema yake siku saba zaidi. Hapakuwa na mtu aliyejitangaza mwenyewe.

Ndipo tunaelewa Luka 17. Watu kumi wenye ukoma walimlilia Yesu. Yesu, ambaye ndiye Mponyaji, aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Wakatakasika wakiwa njiani. Bwana wetu hakuona kwamba kupimwa kunapunguza muujiza. Aliyeponya ndiye aliyewaagiza wakapimwe. Uponyaji wa kweli hauogopi kutazamwa.

Kwa hiyo, mpendwa, ukiona umepona, imani yako haitapungua ukienda kliniki kusema, "Daktari, nitazame tena."

4. MAHALI NILIPOKOSEA MIMI

Nakiri jambo mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alisimama madhabahuni akasema ameacha bhangi, amepona akili, na vidonge vyote ametupa chooni. Mimi ndiye niliyeshika maikrofoni nikawaambia watu wampigie Bwana makofi. Sikuuliza ni nani aliyemtazama. Sikumuuliza mama yake, ambaye alikuwa ameketi safu ya tatu na hakupiga makofi.

Wiki ya saba alipatikana Makupa katikati ya magari, hana shati, anahubiria matatu. Alikuwa hajalala tangu Jumatano. Tunamshukuru Mungu yu hai na amerudi kwenye matibabu, lakini kwa muda mrefu hakuweza kuingia kanisani kwa aibu. Alijiona amemwaibisha Mungu. La, mimi ndiye niliyemharakisha. Mama yake alinisamehe kabla sijamaliza kuomba msamaha.

Dawa hizi zikikatwa ghafla, ugonjwa waweza kurudi kwa nguvu, na si lazima urudi kesho yake. Waweza kukaa wiki au miezi, mtu akidhani ameshinda. Ndiyo maana yule fundi nilimwambia, "Ushuhuda utangoja. Kwanza tuite mama watoto."

5. JINSI YA KUULIZA

Tulikwenda kliniki watu watatu: yeye, mkewe na mimi. Alianza kwa kukiri habari ya lile kopo. Daktari hakumgombeza. Alimuuliza mambo ambayo usiku ule hakuna aliyeweza kuyajibu. Haya hapa, ili nawe ukienda uyabebe yameandikwa kwenye karatasi:

Kwanza, mfululizo wa miaka. Kileo kilianza lini, na dalili zilianza lini? Kipi kilitangulia?

Pili, vipindi vikavu. Je, kuna wakati uliwahi kukaa miezi bila kunywa wala kutafuna? Wakati huo hali ilikuwaje? Mkewe alikumbuka kwamba kuna mwaka alifanya kazi Voi miezi mitano bila kileo wala vidonge, na hakukuwa na sauti. Yeye mwenyewe alikuwa amesahau. Ndiyo sababu usiende peke yako.

Tatu, siku za karibu na ule usiku. Ulikunywa nini, ulitafuna nini, ulilala saa ngapi, ulikuwa na homa?

Nne, ukoo. Je, kuna ndugu wa damu aliyeugua hivi bila kunywa?

Tano, vidonge. Sema kweli ni vingapi umemeza na vingapi umeruka. Daktari akidanganywa, atapima mtu mwingine.

Kisha uliza waziwazi: "Jina hili liliandikwa nikiwa nimelewa. Je, bado linanifaa? Kama tutapunguza dawa, tutapunguza vipi, na tutaangalia dalili gani?" Usiogope. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanatambua haki ya mgonjwa kushirikishwa katika mpango wa matibabu yake. Ukiona husikilizwi, omba daktari mwingine akutazame, ila vidonge endelea navyo mpaka huyo mwingine akuone. Hapa Mombasa hospitali ya Port Reitz ina kitengo cha afya ya akili tangu zamani. Kwa ushauri wa kuacha pombe na dawa za kulevya, NACADA wana simu ya bure, 1192.

Ndugu yetu aliambiwa arudie vidonge kwanza, kisha dozi ikaanza kupunguzwa kidogo kidogo, akitazamwa kila mwezi. Mpaka leo sauti hazijarudi. Daktari hajafuta lile neno bado. Kwenye kadi ameweka alama ya kuuliza mbele yake. Ndugu huyo aliniambia, "Mchungaji, ile alama peke yake imenipa usingizi."

6. NA JINA LIKIBAKI JE?

Dada mmoja wa ushirika wetu naye aliuliza swali hilo hilo. Alikunywa miaka sita, kisirisiri, usiku watoto wakilala. Aliandikiwa sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Alipoacha pombe alitarajia huzuni iondoke nayo. Miezi minane ikapita, pombe hakuna, huzuni ipo. Akafikiri wokovu wake una kasoro.

Walipopanga mfululizo wa miaka, ikaonekana huzuni ilimwanza akiwa na miaka 19, kabla hajaonja chupa. Alikuwa anakunywa ili ainyamazishe. Jina lake lilikuwa la kweli, tena pombe ndiyo iliyokuwa ikizuia dawa isifanye kazi vizuri. Leo anameza dawa, anazungumza na mshauri, anaimba kwaya.

Nani kati ya hao wawili ameponywa na Bwana? Wote. Mmoja ameanza kufunguliwa kutoka kwenye jina lisilo lake. Mwingine ameonyeshwa adui yake halisi, ili asipigane na kivuli. Luka alikuwa tabibu, Paulo akamwita mpendwa (Wakolosai 4:14). Kumeza dawa hakumfanyi mtu awe nusu mwokovu.

7. SISI KANISA TUFANYE NINI

Ushuhuda wa uponyaji wa akili usitolewe madhabahuni mpaka mtu awe amejionyesha kwa daktari wake, na aliye naye nyumbani akubaliane naye. Hilo wazee wamelipitisha.

Mtu anayekunywa kila siku asifungiwe chumbani aombewe mpaka aache. Kukata pombe ghafla kwaweza kuua. Mpelekeni hospitali, na maombi yaende naye.

Mwenye kumeza lithiamu asifunge kavu. Maji yakipungua mwilini, dawa hiyo huzidi kwenye damu na yaweza kumdhuru. Mwenye baipola asikeshe mikesha mfululizo, maana kukosa usingizi kwaweza kumwamsha ugonjwa. Aombe mchana, aombe ameketi, Mungu anasikia. Waratibu wa maombi, msimwite mtu huyo mvivu.

Na tukome kuitana majina. "Mwehu," "chizi," "teja." Eli alimwita Hana mlevi mara moja tu, na mpaka leo tunaisoma.

Usimwambie mtu atupe dawa. Na ukimwona ndugu amebadilika, halali, anasema haraka haraka, hali, ama anazungumzia kufa, usingoje Jumapili. Mpigie mzee wa kanisa, mpeleke hospitali usiku huo huo.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Eli aliona nini kwa Hana, na hakuona nini? Ni mara gani nawe umemhukumu mtu kwa kuona midomo tu?

2. Kwa nini Bwana Yesu aliwatuma watu kumi kwa makuhani, hali yeye mwenyewe ndiye aliyewatakasa?

3. Kati yetu kuna yeyote mwenye kopo lililofichwa? Si lazima useme mbele ya wote. Mwambie mmoja unayemwamini kabla wiki haijaisha.

4. Tutamsaidiaje aliyeacha pombe na bado anameza dawa ajisikie nyumbani kanisani?

MAOMBI

Baba, tunakushukuru kwa kila aliyeshusha chupa. Wape ujasiri wa Hana, waseme habari yao yote kwa upole. Wape madaktari wetu muda wa kutazama mara ya pili. Utusamehe tulipopiga makofi kabla ya wakati. Jina lililokosewa ulirekebishe, na jina la kweli utupe nguvu za kulibeba pamoja. Katika jina la Yesu, amina.